Mkataba Unapokaribia Kwisha: Mwongozo Kamili kwa Mchezaji, Klabu na Kituo cha Vijana

Tarehe 1 Julai 2024 Yanga walimtangaza Clatous Chama, kiungo aliyekuwa kipenzi cha mashabiki wa Simba kwa miaka kadhaa. Hakuna ada ya uhamisho iliyotoka Jangwani, kwa Yanga, kwenda Msimbazi, kwa Simba, kwa sababu mkataba wake ulikuwa umekwisha. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2021, Simba walimuuza Chama huyohuyo kwa RS Berkane ya Morocco akiwa bado ndani ya mkataba, na wakavuna. Majira yaleyale ya 2024 Yanga nao walikuwa na mtihani wao: Stephane Aziz Ki alikuwa anamaliza mkataba. Wakakaa naye mezani, akamwaga wino upya, na Mei 2025 wakamuuza Wydad Casablanca.

Ukitazama mifano hiyo utaona kwamba kinachoamua nani anapata fedha mchezaji anapohama ni tarehe ya mwisho ya mkataba, kabla hata hatujazungumzia mabao na pasi. Jambo la kusikitisha ni kwamba wachezaji wengi wa ligi zetu hawaijui tarehe yao kwa uhakika, na viongozi wengi huikumbuka pale wapinzani wanapokuwa wameshaanza kupiga simu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mchezaji anayelipwa, kiongozi wa klabu, na wale wanaolea vijana mitaani ambao mara nyingi ndio wanaopoteza zaidi.

Hatua ya 1: Ijue sheria kabla ya kukaa mezani

Zamani mkataba kwisha hakukumaanisha kuwa huru. Mbelgiji Jean-Marc Bosman alimaliza mkataba wake na RFC Liège mwaka 1990 akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, lakini uhamisho ukakwama kwa sababu ya ada. Alikwenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji raia wa Umoja wa Ulaya akimaliza mkataba anaweza kuhamia klabu ya nchi nyingine ya umoja huo bila klabu yake ya zamani kudai ada. Baadaye FIFA iliandika upya kanuni zake za hadhi na uhamisho wa wachezaji, na hizo ndizo zinazotumika dunia nzima leo.

Mambo ya msingi katika kanuni hizo ni haya:

- Mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauzidi miaka 5. Kwa aliye chini ya miaka 18, hauzidi miaka 3.
- Mchezaji anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine pale tu mkataba wake unapokuwa umekwisha, au umebakiza miezi 6 au pungufu.
- Klabu inayomtaka mchezaji aliye ndani ya mkataba lazima iiandikie klabu yake kabla ya kuanza mazungumzo naye.
- Mkataba ukishasainiwa, klabu haiwezi kuukana kwa kisingizio cha vipimo vya afya au kibali cha kazi. Vipimo hufanyika kabla ya saini.
- Kusaini mikataba miwili ya kipindi kimoja ni kosa, na kunamweka mchezaji kwenye hatari ya kulipa fidia na kufungiwa.

Kipengele cha vipimo nakisisitiza kwa sababu kinawaumiza vijana wengi. Ukiambiwa "saini kwanza, daktari atakuona wiki ijayo, ukifeli mkataba unakufa," jua kwamba kanuni iko upande wako. Hata hivyo ni salama zaidi kupimwa kwanza.

Kanuni hizi hubadilika. Oktoba 2024 mahakama hiyohiyo ya Ulaya, katika kesi ya Lassana Diarra, ilikuta baadhi ya vipengele vya FIFA kuhusu kuvunja mkataba vinapingana na sheria za Umoja wa Ulaya, na FIFA ikalazimika kuvirekebisha. Basi usitegemee nakala uliyopewa na rafiki miaka mitano iliyopita. Toleo jipya lipo kwenye tovuti ya FIFA, na shirikisho la nchi yako lina kanuni zake za ndani pia.

Hatua ya 2: Hesabu kurudi nyuma

Chukua tarehe ya mwisho ya mkataba, kisha rudi nyuma kwenye kalenda.

Miezi 18 hadi 12 kabla ya mwisho ndio wakati wa klabu. Bado mchezaji ana bei, na klabu nyingine inajua lazima ilipe. Mazungumzo ya kuongeza mkataba yakianza hapa, pande zote mbili zina nafasi ya kupumua.

Ukibaki mwaka mmoja, bei inaanza kuporomoka. Mnunuzi mwenye akili anajiuliza kwa nini alipe leo kitu atakachokipata bila ada baada ya miezi michache. Klabu inayosema "tutaona mwisho wa msimu" inakuwa imeshaamua bila kujua.

Ukibaki nusu mwaka, nguvu imehamia kwa mchezaji. Robert Lewandowski alisaini na Bayern Munich Januari 2014 akiwa bado Borussia Dortmund, akacheza nusu msimu iliyobaki na kumaliza mfungaji bora wa Bundesliga kwa mabao 20. Dortmund hawakupata ada hata senti, ila walipata mabao yake hadi siku ya mwisho. Mchezaji anayesaini mkataba wa awali na kwingine anapaswa kuiga hilo: anaendelea kuwa mwajiriwa, mshahara wake unaendelea, na kazi yake inaendelea.

Msimu wa 2024/25 Liverpool walikuwa na watu watatu wakubwa wanaomaliza mkataba kwa pamoja: Mohamed Salah, Virgil van Dijk na Trent Alexander-Arnold. Wawili wa kwanza waliongeza Aprili 2025, lakini Alexander-Arnold, mtoto wa klabu, akaenda Real Madrid. Madrid walilipa kiasi ili tu wamchukue kabla ya Juni kwisha, awahi Kombe la Dunia la Klabu. Hata klabu tajiri yenye wanasheria inaweza kujikuta hapo.

Angalia pia kama tarehe ya mkataba inalingana na mwisho wa msimu. Mwaka 2020, korona iliposogeza ligi mbele, mikataba mingi ya Ulaya iliisha Juni 30 huku mechi zikiendelea. Ryan Fraser alikataa kuongeza muda Bournemouth, akaikosa michezo ya mwisho ya timu iliyokuwa inapigania kubaki, na timu ikashuka daraja. Ligi zetu hazikosi kuahirishwa mechi. Andikeni "hadi mchezo rasmi wa mwisho wa msimu" sambamba na tarehe.

Hatua ya 3: Mchezaji, jipange kuwa huru

Neno "huru" huwapotosha wengi. Fedha haikutoweka, imebadilisha mfuko. Chukua mfano wa kubuni: klabu imetenga shilingi milioni 200 kumpata kiungo kwa miaka miwili. Kama lazima ilipe milioni 80 kwa klabu yake, zinabaki milioni 120 za dau (fedha anayopewa mchezaji kwa kusaini) na mishahara yake. Kiungo huyo akiwa huru, ile milioni 80 iko mezani, na asiyejua hilo ataiacha hapo. Wakala wake anaijua, na klabu inaijua. Mchezaji naye anatakiwa kuijua.

Kwa hiyo unapokuwa huru usiulize mshahara peke yake. Uliza dau la usajili ni kiasi gani na linalipwa lini. Huku kwetu kuna desturi ya kulipa nusu siku ya saini na nusu nyingine "mambo yakikaa vizuri". Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa halidaiki mbele ya kamati. Kila awamu iwe na tarehe na kiasi ndani ya mkataba wenyewe. Uliza pia nani analipa matibabu ukiumia, mshahara unaendeleaje ukiwa nje kwa miezi, nyumba na tiketi za ndege zinahesabiwa vipi, na posho za ushindi zimeandikwa wapi.

Halafu pima hatari. Kusubiri mkataba uishe ni kuweka mwili wako rehani. Ukichanika mishipa ya goti Machi, ofa tatu za Januari zinaweza kubaki sifuri. Mchezaji wa miaka 24 mwenye afya na anayecheza kila wiki anaweza kubeba hatari hiyo. Wa miaka 31 mwenye historia ya majeraha, mimi ningemshauri aongeze mwaka mmoja au miwili mapema, hata kwa mshahara pungufu kidogo kuliko anaoutamani.

Wakala awe na leseni ya FIFA. Mkataba wa uwakilishi hauruhusiwi kuzidi miaka 2, na haujiongezi wenyewe kimyakimya. Mjomba anayekupenda anaweza kukaa pembeni yako kama mzazi, lakini kazi ya wakala ina kanuni zake. Na usiondoke chumbani bila nakala yako ya mkataba yenye saini za pande zote na kila ukurasa ukiwa umewekewa alama. Kama umeandikwa kwa lugha usiyoielewa vizuri, omba siku mbili ukasomewe na mtu mwingine asiye upande wa klabu. Anayekataa kukupa siku mbili anakuonyesha namna atakavyokutendea kwa miaka miwili.

Kama dirisha la usajili limefungwa na mkataba wako uliisha kabla halijafungwa, kanuni za FIFA zinatoa mwanya wa kusajiliwa nje ya dirisha. Shirikisho lako linaweza kuwa na masharti yake, hivyo uliza kwanza. Wakati unasubiri, fanya mazoezi na timu yoyote itakayokupokea. Klabu hupenda mchezaji huru aliye tayari kucheza Jumamosi ijayo.

Hatua ya 4: Usivunje mkataba kwa hasira

Kumaliza mkataba ni jambo moja na kuvunja mkataba ni jambo jingine kabisa. Wengi wetu tulifuatilia sakata la Feisal Salum na Yanga. Desemba 2022 alitaka kuondoka kwa kuirudishia klabu zaidi ya shilingi milioni 100, akiamini hiyo inamweka huru. Kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, kipaji kikubwa kikiwa nje ya uwanja, mpaka Juni 2023 pande hizo zilipokubaliana na akaenda Azam. Yanga walipata ada yao na Azam wakapata kiungo, lakini nusu msimu wa mchezaji haurudi.

Ipo njia halali kwa anayenyimwa mshahara. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikikaa na angalau mishahara miwili ya mwezi bila kulipa kinyume cha sheria, mchezaji ana sababu ya haki ya kuondoka. Lakini lazima afuate utaratibu:

1. Andika barua ya kudai, ukitaja miezi na kiasi kinachodaiwa.
2. Ipe klabu angalau siku 15 za kulipa deni lote.
3. Itume kwa njia inayoacha ushahidi: barua pepe rasmi ya klabu, au barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.
4. Endelea kuhudhuria mazoezi. Ukiacha, umewapa silaha.
5. Siku 15 zikipita bila malipo kamili, andika barua ya kusitisha mkataba, kisha fungua madai.

Mchezaji wa kigeni anaweza kwenda kwenye mahakama ya soka ya FIFA, na asikae zaidi ya miaka 2 tangu tatizo litokee. Mzawa kwa kawaida huanzia kwenye kamati ya shirikisho lake. Klabu isiyolipa baada ya hukumu hufungiwa kusajili, na vilabu kadhaa vya Tanzania na Kenya vimeshaonja adhabu hiyo.

Njia ya tatu ni kuachana kwa makubaliano. Victor Wanyama aliondoka Tottenham Machi 2020 kwenda Montreal bila ada. Klabu ilipunguza mzigo wa mshahara na yeye akapata pa kucheza. Ukiachana hivyo, hakikisha hati ya makubaliano inataja kila shilingi mnayodaiana, maana ukisaini kwamba "hatudaiani" huwezi kurudi kesho.

Hatua ya 5: Klabu, weka daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu wa klabu awe na jedwali moja lenye jina la kila mchezaji, tarehe ya mwisho ya mkataba, umri, mshahara, na deni la dau lililobaki. Jedwali hilo lisomwe kwenye kikao kila baada ya miezi mitatu. Ukikuta nusu ya kikosi cha kwanza inamaliza msimu mmoja, una moto unaokuja. Tandaza tarehe: wengine mwaka huu, wengine mwakani, wengine mwaka wa tatu.

Mikataba ya miaka miwili imezoeleka mno hapa kwetu. Hesabu yake ni mbaya: baada ya msimu wa kwanza tu, mchezaji aliyeng'ara ameshabakiza miezi 12 na bei imeanza kushuka. Kwa kijana chini ya miaka 23 ambaye klabu inaamini ataiva, mpe miaka mitatu au minne, na mshahara unaopanda kila mwaka ili asijisikie amefungwa. Yanga na Aziz Ki walionyesha faida ya njia ya kuongeza kisha kuuza: mchezaji alipata mkataba mnono, na klabu ikapata msimu mwingine pamoja na ada.

Kuna wakati kumwacha aondoke bure ni uamuzi sahihi. Kama mchezaji wa miaka 33 amekupa mataji na mshahara anaotaka utavunja ngazi nzima ya mishahara ya kikosi, muage kwa heshima. Ile picha ya Thank You inayowekwa mtandaoni iwe imetanguliwa na mazungumzo ya ana kwa ana na malipo ya mwisho. Wachezaji wanaongea wao kwa wao, na klabu inayowatema watu vibaya hulipa dau kubwa zaidi kwa wanaofuata.

Jihadharini na kipengele kinachoipa klabu peke yake haki ya kuongeza mwaka. Vyombo vya FIFA vimekuwa na mashaka nacho kwa muda mrefu, hasa pale mchezaji asipopata nyongeza yoyote ya maana. Kipengele kikiwepo, kiseme mshahara mpya ni kiasi gani, na klabu itoe taarifa kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Na karatasi ziwe safi. Mwaka 2020 Yanga walisema Bernard Morrison ana mkataba nao wa miaka miwili, yeye akakana, kamati ya TFF ikakuta kasoro kwenye mkataba huo, na akaenda Simba. Yanga walifika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo na kushindwa.

Kwa upande wa kununua, mchezaji huru si wa bure. Jumlisha dau, ada ya wakala, mshahara wa muda wote wa mkataba, nyumba na tiketi, halafu gawa kwa idadi ya misimu. Linganisha na yule mwenye ada ya uhamisho lakini mshahara wa kawaida. Mara nyingi kijana wa kununuliwa ni nafuu, na ana thamani ya kuuzwa tena. Mchezaji huru wa miaka 30 hutapata tena bei ya kumuuza. Manchester United walimwacha Paul Pogba aende Juventus mwaka 2012 mkataba ukiwa umekwisha, mwaka 2016 wakamrudisha kwa ada ya euro milioni 105, rekodi ya dunia wakati huo, kisha mwaka 2022 akaondoka tena kama mchezaji huru, akirudi Juventus ileile.

Hatua ya 6: Kituo cha vijana, dai kilicho chako

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu mwalimu wa Mbagala au Kisumu aliyemnunulia mtoto viatu ndiye wa mwisho kukumbukwa. Kuna malipo ya aina mbili, na uhamisho huru unayagusa kwa namna tofauti kabisa.

Ya kwanza ni mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa kalenda anapotimiza miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na anapotimiza miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Akiuzwa kwa dola milioni 1, klabu iliyokuwa naye miaka mitatu kamili, ya umri wa 16, 17 na 18, inapata dola 15,000. Mbwana Samatta aliponunuliwa na Aston Villa kutoka Genk Januari 2020, ada ilikuwepo na mgao ukawepo. Mchezaji akihama huru, asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Kila nyota anayesubiri mkataba uishe anafunga bomba hilo kwa walezi wake wa zamani, hata bila kukusudia.

Ya pili ni fidia ya mafunzo, na hii haifi mkataba ukiisha. Inadaiwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na anapohama kimataifa hadi mwisho wa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23. Hesabu hutumia kiwango cha klabu mpya, kulingana na kundi ililowekwa kwa gharama za kulea vijana. Ulaya, klabu ya kundi la kwanza ni euro 90,000 kwa mwaka, la pili 60,000, la tatu 30,000. Afrika, kundi la pili ni dola 30,000, la tatu 10,000, la nne 2,000. Kwa hiyo kijana uliyemlea miaka mitatu kuanzia umri wa miaka 16, akisaini mkataba wake wa kwanza na klabu ya Ulaya ya kundi la pili, unastahili euro 180,000. Miaka ya kabla ya 16 huhesabiwa kwa kiwango cha chini, kile cha kundi la nne. Akihamia klabu ya kundi la nne hakuna fidia, na klabu iliyovunja mkataba wake bila sababu ya haki inapoteza haki hiyo. Uhamisho wa ndani ya nchi hufuata kanuni za shirikisho la nchi hiyo.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia chombo maalumu cha FIFA, na FIFA huandaa pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji kwa kutumia kumbukumbu za mashirikisho. Kituo kisichosajili vijana wake kwenye mfumo wa shirikisho kila msimu hakionekani kwenye pasipoti hiyo, hata kama mtaa mzima unajua ukweli.

Sajili kila kijana kuanzia miaka 12, kwa jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa na tarehe ileile, kila msimu bila kuruka. Fungua akaunti ya benki kwa jina la klabu, si la mwenyekiti. Hifadhi fomu, picha za kadi na barua za ruhusa. Kijana wako akisikika amesaini nje, wasiliana na shirikisho wiki hiyohiyo, uliza kama pasipoti yake imeandaliwa, na uhakikishe jina la kituo chako limo na misimu yote imehesabiwa kabla pasipoti hiyo haijathibitishwa.